Nani Atalipa Nauli ya Maisha Mapya?

Katika riwaya ya Barua Ndefu Kama Hii kuna gari dogo aina ya Fiat ambalo wachambuzi wengi hulipita bila kugeuka. Hawalaumiki. Kitabu kina mambo mazito kuliko gari: mume aliyemwoa rafiki wa binti yake, mjane anayekaa eda, watoto kumi na wawili, na shemeji anayetaka kumrithi mjane pamoja na viti na makabati. Lakini anayetaka kujua Mariama Bâ, mwandishi wa kitabu hicho, aliuelewaje urafiki wa wanawake, aanze na gari.

Ramatoulaye ni mwalimu wa shule jijini Dakar, Senegal. Baada ya robo karne ya ndoa, mumewe Modou Fall anamwoa Binetou, msichana aliyekuwa akija nyumbani kujisomea na binti yao Daba. Familia ya bi harusi inajengewa nyumba, mama mtu anapelekwa Makka, na bi harusi mwenyewe anapita mjini na Alfa Romeo. Mke mkubwa anabaki akigombania basi na wanawe. Habari zinamfikia Aïssatou, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye sasa anafanya kazi Marekani. Angeweza kumwandikia kurasa za pole na kumhimiza asubiri. Badala yake anawasiliana na wauza magari wa Dakar, analipa, na Ramatoulaye anaitwa akachague gari lake.

Kuendesha hajui, na anaogopa. Anajikaza, anajifunza, anapata leseni.

Vitabu vinavyosimulia wanawake kuanza maisha upya vimekuwa vingi mno, vina hata rafu zao kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Jalada utalitambua kwa mbali: mwanamke kageuza mgongo, anaitazama bahari. Vingi vinataka tuamini kwamba moyo mkuu unatosha. Vile vilivyo bora hujibu maswali ambayo shangazi yeyote angeuliza. Usiku ule alilala wapi? Nauli alipewa na nani? Wiki ya kwanza watoto walikula nini? Ukivisoma kwa maswali hayo utaona jibu linajirudia, iwe hadithi ni ya Dakar, ya Unguja au ya Georgia. Kuna mwanamke mwingine aliyefungua mlango, au pochi.

Mariama Bâ aliyajua mambo haya kwa kuyaishi. Alizaliwa Dakar mwaka 1929, akalelewa na wazazi wa mama yake, akasomea ualimu katika chuo cha wasichana cha Rufisque. Alizaa watoto tisa, ndoa ikavunjika, akawalea. Alikuwa na miaka hamsini kitabu chake cha kwanza kilipotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, tuzo iliyoanzishwa kwa ajili ya vitabu vinavyochapishwa Afrika, na yeye akawa mshindi wake wa kwanza kabisa. Mwaka 1981 akafariki, riwaya yake ya pili ikiwa bado haijatoka. Kwa Kiswahili, kitabu kilitafsiriwa na Clement Maganga.

Anayenunua gari naye ana kisa chake. Aïssatou ni binti wa sonara, na mume wake, daktari Mawdo Bâ, ni mtoto wa ukoo wa kifalme. Mama mkwe hakulimeza jambo hilo hata siku moja. Alimchukua mtoto wa kaka yake, akamlea, akamsomesha, halafu akamkabidhi mwanawe amwoe. Mawdo akakubali, eti asimuudhi mama. Aïssatou alifunga virago, akaondoka na watoto wake wanne wa kiume, akapanga nyumba. Akarudi kwenye vitabu, akafaulu mitihani, akaenda Ufaransa kusomea ukalimani, hatimaye akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake Marekani. Bâ anayapitia haya yote kwa kurasa chache, lakini haruki ngazi hata moja. Fiat ile imelipiwa na mshahara huo.

Ndipo unapouona uzito wa kitabu. Mwanamke aliyeondoka anamnunulia gari mwanamke aliyeamua kubaki. Hakuna anayemsuta mwenzake. Ramatoulaye hamwiti Aïssatou mvunja nyumba, na Aïssatou hamwiti Ramatoulaye mwoga. Kwa nchi yoyote ambako talaka na uke wenza hugawa wanawake makundi mawili yanayonong'onana, hilo pekee ni jambo kubwa.

Msomaji wa Paris huenda alihitaji kuelezwa eda ni nini. Msomaji wa Tanga au Lamu anaijua tangu utotoni: miezi minne na siku kumi, mjane hatoki isipokuwa kwa dharura, hajipambi, haposwi. Bâ ameitumia eda kwa ujanja wa mwandishi aliyeiva. Mama wa watoto kumi na wawili, mwalimu wa kutwa, hajapata hata siku moja nafasi ya kukaa na kufikiri maisha yake. Modou anapokufa kwa moyo, dini inamkalisha. Anafungua daftari, anaanza kumwandikia Aïssatou, na ile desturi ambayo wengi huitaja kama kifungo inageuka kuwa likizo yake ya kwanza. Kabla barua haijaisha amekwisha mkataa shemeji yake Tamsir, tena mbele ya watu, na amemkataa pia Daouda Dieng, daktari na mbunge mwenye adabu zake, kwa sababu Dieng ana mke, na Ramatoulaye hataki kumfanyia mwenzake alilofanyiwa yeye.

Mwanamke kumwandikia mwanamke mwenzake kuhusu maisha yaliyopinduka si jambo geni pwani yetu. Karne moja kabla ya Bâ kulikuwa na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Wasichana wa jumba hilo walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili aya kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka Unguja kwa manowari ya Waingereza. Wakaoana Aden mwaka 1867, wakahamia Ujerumani, naye akawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa akijifunza.

Kumbukumbu zake za mwaka 1886 zinajulikana sana, na mtalii yeyote wa Mji Mkongwe hukutana nazo. Kisichosomwa sana ni kitabu cha pili, kilichotoka baada ya kufa kwake mwaka 1924: barua alizowaandikia watu wa nyumbani, au tuseme mtu mmoja, rafiki wa kike wa Unguja ambaye jina lake halitajwi popote. Humo hasimulii marijani na mashamba ya karafuu. Anasimulia baridi, bili, namna ya kupanga nyumba ndogo zaidi kila mara, namna binti wa sultani alivyolazimika kufundisha lugha ili watoto wale. Ameweka mbele rafiki wa kumwambia, lakini rafiki huyo yuko ng'ambo ya bahari mbili na hana njia ya kumsaidia. Salme alifanikiwa kuondoka. Kutulia kulimshinda kwa miaka mingi, na kurasa hizo zinaonyesha kwa nini.

Sasa tuvuke kurudi Unguja, miaka ya 1950.

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania wameisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa ajili ya mtihani, na mtihani huwa na tabia ya kuua kitabu. Wakiulizwa ni riwaya ya nini, hujibu ukoloni, matabaka, harakati za uhuru. Na mhusika wanayemkumbuka ni Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayesakwa na polisi wa Mwingereza. Ni kweli yote. Lakini riwaya haianzi na Denge. Inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na tano, aliyeozwa kwa Raza, muuza duka wa miaka hamsini na mbili. Na mtu anayeiwezesha hadithi nzima isonge mbele si mwanasiasa hata mmoja. Ni Mwajuma.

Yasmin anachoka, anamtoroka mumewe Mombasa, anarudi Unguja. Jamaa zake wanamfungia mlango, kwani aibu ya binti aliyekimbia ndoa ni yao wote, na katika mji ule uliogawanywa kwa asili na rangi, jamii ndogo hujilinda kwa kufukuza. Anakwenda kwa Mwajuma, Mswahili, mwanamke anayeishi peke yake, asiye na jina wala mali. Mwajuma hamwulizi maswali mengi. Anampa mahali pa kulala, anamlisha anachokula yeye, anamtembeza kwenye taarabu na dansi, anamjulisha kwa marafiki zake. Kwa njia hiyo ndipo Yasmin anapokutana na Denge. Mapenzi yao yana misukosuko ya kutosha kujaza filamu, na kweli yalijaza: Amil Shivji aliitengeneza riwaya hiyo kuwa filamu ya mwaka 2021, ikaonyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar.

Adam Shafi ni mwanamume, na riwaya yake ni ya siasa. Hata hivyo ameona jambo ambalo waandishi wengi wa kiume wa kizazi chake hawakuliona. Katika riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980, msichana anayetoroka nyumbani hufika mjini, hukutana na mwanamke mkubwa wa danguro, na kuanzia hapo ni kuporomoka tu mpaka ugonjwa au toba. Mwanamke mwenzake ndiye mtego. Mwajuma anaivunja kanuni hiyo. Ana kasoro zake, anapenda starehe, mdomo hauna breki, lakini nyumbani kwake hapana bei. Wachapishaji wa miongozo ya mitihani wangemtendea haki kama wangemtoa kwenye orodha ya wahusika wadogo.

Ng'ambo ya pili ya Atlantiki, Alice Walker alilipeleka jambo hili mpaka kwenye hesabu. The Color Purple, riwaya yake ya mwaka 1982, ilimfanya mwaka 1983 awe mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya riwaya. Nayo pia ni kitabu cha barua. Celie, msichana maskini wa vijijini Georgia, anaanza kwa kumwandikia Mungu kwa kuwa hana mwingine wa kumwambia. Ameozwa kwa mgane mwenye watoto, anapigwa, anafanyizwa kazi kama punda. Kisha anakuja nyumbani mgonjwa mmoja, Shug Avery, mwimbaji wa blues, hawara wa mume wake mwenyewe! Celie anamuuguza. Kutoka hapo kunazaliwa urafiki unaokuja kuwa mapenzi, na Shug ndiye anayegundua kwamba barua za Nettie, mdogo wake Celie aliyeko Afrika, zimekuwa zikifichwa na mume kwa miaka.

Hapo mwandishi wa kawaida angempa Celie hotuba, afunge kitabu. Hotuba ipo, na ni kali. Lakini Walker anaendelea: Shug anamchukua Celie Memphis, anamweka nyumbani kwake, na Celie anaanza kushona suruali. Ya kwanza, ya pili, za watu wa nyumbani, halafu oda zinaingia, halafu ni biashara yenye jina na wasaidizi. Kumbuka ni kusini mwa Marekani kabla ya vita vya pili vya dunia, na mwanamke mweusi aliyezoea kuambiwa yeye ni mbaya na mjinga anashonea wanawake suruali. Vitambaa, mifuko, mishono, Walker anavitaja kwa raha ya mtu anayejua cherehani. Mtaji ulikuwa chumba cha Shug.

Ghana nako kuna gari jingine. Ama Ata Aidoo, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa nchi hiyo na aliyefariki mwaka 2023, alitoa Changes mwaka 1991. Esi ni mwanatakwimu wa serikali anayemwacha mumewe baada ya mume kumwingilia kwa nguvu na kudai ni haki yake, halafu, kwa mshangao wa wasomaji wengi wa kike, anakubali kuwa mke wa pili wa mtu mwingine. Rafiki yake Opokuya ni muuguzi, ana watoto wanne na ugomvi wa kila asubuhi na mumewe juu ya nani atumie gari. Esi anapopewa gari jipya na mume wake mpya, la zamani linakwenda kwa Opokuya. Ugomvi wa asubuhi umekwisha, kwa Opokuya si jambo dogo. Aidoo hakuishia hapo. Anawaweka Esi na mume wa Opokuya peke yao chumbani usiku huohuo, wote wawili wakiwa wapweke, na kwa dakika chache urafiki wote uko rehani. Esi anamkumbuka shoga yake, anajitoa.

Toni Morrison, kwa upande wake, aliwaacha wateleze. Katika Sula ya mwaka 1973, Nel na Sula wamekua pamoja katika mtaa wa watu weusi unaoitwa Bottom, juu ya mji wa kubuniwa wa Medallion, Ohio. Sula analala na Jude, mume wa Nel. Jude anaondoka, urafiki unakufa, Sula naye anakufa mwaka 1940. Nel anabeba huzuni yake kwa robo karne akiamini anamlilia mume. Mwaka 1965, akitoka makaburini, ndipo anapotambua aliyekuwa akimkosa muda wote ni Sula. Wanaotaka urafiki wa kanga za sare tu watakiona kitabu hiki kichungu. Lakini kinaeleza kitu ambacho vitabu vya jalada la bahari havithubutu kugusa: rafiki mwenye ufunguo wa nyumba yako ndiye pia anayeweza kukuingilia usiku.

Elena Ferrante wa Italia amelipanua wazo hilo kwa vitabu vinne vizima, vilivyotoka mwaka hadi mwaka kutoka 2011 hadi 2014. Mwaka 2024 gazeti la New York Times lilipowauliza waandishi na wachambuzi wachague vitabu bora vya karne hii, cha kwanza kati ya hivyo vinne ndicho kilichoshika nafasi ya juu kabisa. Ferrante ni jina la kalamu. Mwenyewe hajawahi kujitokeza hadharani. Wahusika wake, Elena na Lila, ni watoto wa mtaa maskini wa Naples baada ya vita. Lila ana akili zaidi, lakini baba hamsomeshi. Anaolewa akiwa na miaka kumi na sita na mwenye duka la vyakula, na kwa fedha za ndoa hiyo anamnunulia Elena vitabu vya shule na kumpa chumba katika nyumba yake mpya ajisomee. Elena anafika chuo kikuu, anakuwa mwandishi. Miaka mingi baadaye, ndoa imevunjika na mapenzi yamemtupa, anarudi mtaani na mabinti zake, anapanga ghorofa ya juu ya Lila, na anaposafiri Lila ndiye anayewaangalia watoto.

Shukrani zipo, na kijicho kipo, na huwezi kuvitenga. Elena hajui mpaka mwisho kama yeye ndiye aliyefanikiwa au ameishi maisha ya Lila kwa niaba yake. Ni deni, na deni kati ya marafiki halina hati wala tarehe ya kulipa. Huenda ndiyo sababu vitabu hivi vimesomwa na wanawake wa kila bara: kila mmoja anamjua Lila wake, na wachache wanajua kwamba wao ndio Lila wa mtu mwingine.

Na vile vitabu vya rafu ya uwanja wa ndege? Maarufu kuliko vyote ni Eat Pray Love ya Mmarekani Elizabeth Gilbert, ya mwaka 2006, inayosimulia mwaka aliouishi Italia, India na Indonesia baada ya talaka. Si kitabu kibaya kama wanavyodai wanaokidharau, na mwandishi hafichi kwamba safari ililipiwa na fedha za awali alizopewa na mchapishaji. Kurasa zake bora hazihusu hata moyo wake. Ziko Bali, ambako anafahamiana na mganga wa kike aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo, anayelea mtoto na kuhangaika na kodi ya pango. Gilbert anawaandikia rafiki zake, anawaomba badala ya zawadi za siku yake ya kuzaliwa wachange, na zinapatikana dola 18,000 za kumnunulia mama huyo nyumba. Kisha mama anachelewa kununua, anatoa visingizio, Gilbert anaanza kuhisi anazungushwa. Ghafla kitabu cha kutafuta utulivu kinakuwa kitabu cha wanawake wawili na fedha katikati, na kinapata uhai.

Afrika Mashariki mambo haya yana utaratibu wake, na utaratibu huo ni mkongwe kuliko riwaya. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa kitabu cha simulizi za maisha walizozirekodi Mombasa miaka ya 1970, na mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili chake cha asili, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wasimulizi ni Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy: mabibi watatu wa daraja tofauti kabisa, mmoja wao wa ukoo uliotoka utumwani. Wanazungumza kama mabibi wanavyozungumza barazani, habari ya harusi inaingilia habari ya vita, na talaka inatajwa bila vilio, kama jambo lililotokea, kisha maisha yakaendelea.

Yaliendeleaje? Jibu mojawapo ni lelemama. Strobel, aliyechunguza historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, alionyesha kwamba vyama vya ngoma hiyo, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa zaidi ya ngoma. Vilikuwa na vyeo, michango na mashindano makali ya kupikuana kwa sare na karamu, na vilisimama na mwanachama kwenye arusi na kwenye matanga. Mwanamke aliyeachwa alipoteza mume, chama hakupoteza. Vijembe vilivyopigwa kati ya vyama hivyo vingetosha riwaya tatu za Kiitaliano.

Leo kuna upatu, kuna chama kwa Wakenya, kuna vikoba, ambavyo mtindo wake wa kuweka na kukopa ulitokana na vikundi vya wanawake vilivyoanza Niger mwaka 1991. Kijumbe wa upatu, anayepita nyumba kwa nyumba akijua nani amekwama, nani anajificha na nani anakusanya kimyakimya ili aondoke, anastahili kuwa mhusika mkuu wa kitabu kinene. Anajua kwa shilingi na senti kile ambacho waandishi wengi hukisia.

Kitabu hicho kinaweza kuandikwa, maana milango ya Kiswahili imeanza kuwaitikia wanawake. Riwaya ya lazima ya Kiswahili katika shule za sekondari za Kenya kuanzia mwaka 2018 ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Mwaka 2023 ikafuatiwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ambayo mhusika wake mkuu, Mangwasha, ni mwanamke. Vijana wa kiume wa kidato cha nne, wapende wasipende, wanajibu maswali juu ya maisha ya wanawake yaliyoandikwa na wanawake.

Dar es Salaam nako, mwaka 1989, wanawake wawili walianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu wakati ambapo biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma na wanaume. Elieshi Lema alikuwa mwandishi, Demere Kitunga mhariri na mwanaharakati, na kampuni wakaiita E&D. Kitunga baadaye alianzisha Soma, mahali ambapo mtu anaweza kukaa na kahawa na kitabu na kubishana na waandishi. Lema aliendelea kuandika, na mwaka 2001 E&D ikatoa riwaya yake ya Kiingereza, Parched Earth, juu ya mwanamke wa Tanzania anayeipima ndoa yake na maisha aliyorithi kwa mama. Jambo la kufurahisha ni kwamba ili hadithi hiyo ifike kwa msomaji, Lema hakuhitaji kubisha hodi kwa mchapishaji yeyote wa London au Nairobi. Ofisi ilikuwepo tayari, imekwisha timiza miaka kumi na miwili, na kodi yake walikuwa wamelipa wenyewe.